Kijidudu Chenye Mikia: Namna Kinavyoogelea na Namna Kinavyobebwa

Katika nchi ya Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, maji si haba. Mvua hunyesha vizuri, Mto Malaba na Mto Sio hupita huko, na kwenye miteremko mingi kuna chemchemi ambazo watu wamechota maji yake tangu zama za babu zao. Mama akifika chemchemini alfajiri huona maji maangavu, yasiyo na taka wala harufu, naye hujaza mtungi wake wa lita 20 bila wasiwasi. Lakini huenda siku chache baadaye mtoto wake akaanza kuharisha, na wenye nyumba wakaulizana: Ugonjwa huu umetoka wapi, nao umeingiaje humu ndani?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mojawapo ya viumbe hivyo kimechunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi, hata leo chajulikana kuliko karibu viumbe vyote vingine duniani. Katika somo hili yaelezwa mambo mawili. Kwanza, jinsi kijidudu hicho kinavyoendesha mikia yake na kutafuta chakula chake majini. Pili, kwa nini ufundi wake huo wote hauwezi kukifikisha katika kikombe cha mtoto, mpaka binadamu akisaidie.

KIJIDUDU CHENYEWE

Jina lake la kitaalamu ni Escherichia coli, na kwa kifupi huitwa E. coli. Jina hilo limetokana na daktari wa watoto, Theodor Escherich, aliyekieleza mara ya kwanza mwaka 1885, alipokuwa akichunguza vinyesi vya watoto wachanga katika nchi ya Ujerumani. Makao yake ni matumbo ya binadamu, na kadhalika ya ng'ombe, mbuzi na wanyama wengine. Ni bakteria mwenye umbo la kijiti kifupi. Urefu wake ni kama sehemu mbili za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Maana yake, vijidudu 500 vikipangwa mstari mmoja, kichwa kwa mkia, vitajaza milimita moja tu.

Yafaa ijulikane kwamba aina nyingi za E. coli hazina madhara kwa mwenye afya. Aina chache ndizo ziletazo kuhara, na baadhi yake ni kali. Lakini wapima maji hukitafuta kijidudu hiki kwa sababu nyingine iliyo kubwa zaidi: kikipatikana majini, ni ushahidi kwamba kinyesi kimeingia humo. Na penye kinyesi, vyaweza kuwapo pia vijidudu vya homa ya matumbo, vya kuhara damu na vya kipindupindu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba katika mililita 100 za maji ya kunywa asipatikane E. coli hata mmoja.

MIKIA NA MOTA ZAKE

Mwilini mwa E. coli hutoka mikia michache, kwa kawaida minne hivi, iliyo myembamba mno na mirefu kuliko mwili wenyewe. Wataalamu huiita flajela. Mkia huo haupigi kama mkia wa samaki, wala haupepei kama mjeledi. Umejipinda kama kizibuo cha chupa, nao huzunguka, kama vile parafujo inavyozungushwa ili iingie katika ubao. Kwa muda mrefu watu hawakulisadiki jambo hilo, kwa kuwa hakuna aliyepata kuona gurudumu katika mwili wa kiumbe hai. Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson, wataalamu wa Marekani, walionyesha sababu za kuamini kwamba mkia huzunguka. Mwaka uliofuata Michael Silverman na Melvin Simon walithibitisha kwa njia nyepesi: waliubandika mkia kwenye kioo ili usiweze kusogea, na tazama, mwili mzima wa kijidudu ukaanza kuzunguka.

Kwenye shina la kila mkia kuna mota ndogo ajabu, iliyoundwa kwa protini, yenye mhimili na pete zake. Mota hiyo haitumii mafuta wala umeme wa nyaya. Kijidudu husukuma chembe za haidrojeni, ziitwazo protoni, nje ya ngozi yake, kisha chembe hizo hurudi ndani kwa kupitia katika mota. Kurudi kwake ndiko kunakoizungusha, kama maji ya mto yanavyozungusha gurudumu la kinu cha kusagia nafaka. Mota ya E. coli huweza kuzunguka mara 100 na zaidi kwa kila sekunde.

Kwa nguvu hiyo kijidudu huenda kiasi cha mara kumi ya urefu wake kwa sekunde moja. Mtu mwenye urefu wa mita 1.7 angekuwa na uwezo kama huo, angekimbia mita 17 kwa sekunde. Hata Usain Bolt wa Jamaika, alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mwaka 2009, hakufikia mwendo huo. Tena kijidudu hufanya hayo katika maji ambayo, kwa sababu ya udogo wake, ni mazito kwake kama asali nzito ilivyo kwetu. Mota ikisimama, nacho husimama papo hapo, bila kuteleza mbele hata kidogo.

KWENDA MBELE NA KUPINDUKA

Mota ya E. coli ina njia mbili za kuzunguka. Mtu akiitazama kutoka upande wa mkia, mota zote zikizunguka kinyume cha mishale ya saa, mikia yote hujikusanya ikawa kitita kimoja, kama nyuzi zilizosokotwa kuwa kamba. Kitita hicho hukisukuma kijidudu mbele katika mstari ulionyoka. Lakini mota moja au zaidi zikigeuka na kufuata mishale ya saa, kitita hufumuka, mikia hutawanyika, na kijidudu hupinduka-pinduka mahali pamoja. Mota zikirudia mzunguko wa kwanza, mikia hujikusanya tena, na safari huanza upya, lakini sasa kijidudu kimeelekea upande mwingine, ambao hakikuuchagua.

Mwaka 1972 Howard Berg na Douglas Brown walikifuata kijidudu kimoja kimoja kwa hadubini iliyotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo. Waliona kwamba kila mwendo wa mbele huchukua kiasi cha sekunde moja, na kila kupinduka huchukua kiasi cha sehemu moja ya kumi ya sekunde. Maisha yote ya kijidudu majini ni hayo: kwenda, kupinduka, kwenda, kupinduka. Hakina usukani. Hakiwezi kugeuka kulia wala kushoto kwa kutaka.

JINSI KISICHO NA MACHO KINAVYOPATA CHAKULA

Hapa huja swali lililowashangaza wataalamu. Kitu kisicho na macho, pua wala usukani, huwezaje kufika penye chakula? Maana hakika hufika. Katika miaka ya 1880 Wilhelm Pfeffer wa Ujerumani alitia chakula katika mrija mwembamba wa kioo, akauchovya katika maji yenye bakteria, akaona wakiuendea mrija na kuingia humo. Katika miaka ya 1960 Julius Adler, huko Wisconsin, Marekani, aliitumia njia hiyo tena, lakini kwa kuhesabu. Aligundua kwamba E. coli huvutwa na sukari kama galaktosi, ambayo ni sehemu ya sukari ya maziwa, na pia na serini na aspateti, ambazo ni miongoni mwa vitu vinavyojenga protini. Kadhalika iligunduliwa kwamba hukimbia vitu vingine, kama vile asidi kali na chumvi za madini ya nikeli.

Mtu aweza kudhani kwamba kijidudu hulinganisha mbele na nyuma, kisha huchagua penye chakula kingi. Lakini mwili wake ni mfupi mno; tofauti ya chakula kati ya ncha moja na nyingine ni ndogo sana. Njia yake ni nyingine, nayo ni ya kulinganisha sasa na punde iliyopita. Mwaka 1972 Robert Macnab na Daniel Koshland walithibitisha jambo hilo. Walichukua bakteria wa Salmonella, ambao ni jamii moja na wale wa homa ya matumbo, wakawachanganya kwa ghafula katika maji yenye serini nyingi zaidi. Sasa serini ilikuwa sawasawa kila upande. Hapakuwa na mbele palipo pazuri kuliko nyuma. Hata hivyo bakteria wote waliacha kupinduka, wakaogelea moja kwa moja kwa muda, kana kwamba wanapanda kuelekea penye neema. Basi ilikuwa wazi kwamba walikumbuka hali iliyokuwapo punde kidogo kabla.

Mfano wake ni mtu anayetembea usiku wa giza mjini Malaba, akitafuta mahali panapochomwa mahindi. Haoni moto wala hajui upande ulipo. Hupiga hatua chache. Harufu ikizidi, huendelea na njia ile ile. Harufu ikipungua, husimama, akageuka ovyo, akajaribu njia nyingine. Atapotea mara nyingi, lakini kwa kuwa huendelea zaidi katika njia njema kuliko katika njia mbaya, mwishowe atafika. E. coli hufanya vivyo hivyo. Chakula kikizidi, hupinduka mara chache zaidi, na mwendo wake wa mbele hurefuka. Hakuna siri nyingine zaidi ya hiyo.

KARANI NA TARISHI

Je, habari ya chakula husafirije kutoka kwenye ngozi ya kijidudu hadi kwenye mota? Hasa kwenye ncha za mwili wake wamekusanyika walinzi maelfu kadhaa, yaani protini ziitwazo vipokezi. Upande mmoja wa kipokezi umetoka nje, upande wa pili umo ndani. Chini ya vipokezi hukaa protini iitwayo CheA, ambayo yaweza kufananishwa na karani wa mpakani mwenye muhuri. Protini nyingine ndogo, CheY, ni tarishi wake. Muhuri wenyewe ni chembe ya fosfati.

Chakula kikipungua, karani huzidi kupiga mihuri. Tarishi aliyepigwa muhuri huenda upesi hadi kwenye mota na kuishika. Mota hugeuka, mikia hutawanyika, na kijidudu hupinduka. Chakula kikizidi, vipokezi humzuia karani. Matarishi wenye muhuri huwa wachache. Mota huendelea na mzunguko wake wa kwanza, na safari hurefuka. Ipo na protini ya tatu, CheZ, ambayo kazi yake ni kufuta mihuri bila kukawia, ili amri iliyokwisha wakati isiendelee kutiiwa. Mambo hayo yote hutimizwa katika sehemu ndogo ya sekunde.

Kumbukumbu nayo ina watumishi wake wawili. CheR huweka alama ndogo juu ya vipokezi, na CheB huziondoa. Kwa alama hizo vipokezi huzoea hali iliyopo, na kungoja badiliko jipya. Mtu aingiaye penye omena nyingi katika soko la Busia husikia harufu kali mara ya kwanza. Baada ya kitambo haisikii tena, lakini ikizidi ghafula ataitambua. Kwa E. coli, kuzoea huko huchukua sekunde chache tu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 1986 ulionyesha kwamba kijidudu hulinganisha sekunde moja iliyopita na sekunde tatu zilizotangulia. Hiyo ndiyo kumbukumbu yake yote.

NI NANI HUKIFIKISHA NYUMBANI?

Sasa msomaji na apige hesabu. Kijidudu huenda kiasi cha sehemu 20 za milimita iliyogawanywa mara elfu kwa sekunde moja. Kwa saa nzima, hata kama kingenyoosha njia bila kupinduka, kingekwenda milimita 72, yaani upana wa kiganja tu. Kutoka kwenye choo kilicho mita 30 mbali na chemchemi, kingehitaji zaidi ya saa 400, ambazo ni zaidi ya siku 17, kuogelea mchana na usiku. Lakini hakinyooshi njia. Hupinduka kila sekunde, na kumbukumbu yake haizidi sekunde chache. Tena hakijui kwamba kuna chemchemi, mtungi wala mtoto. Mikia yake yafaa kwa safari za nywele moja hadi nyingine, kutafuta chembe ya chakula iliyo jirani. Haifai kwa safari za kijijini.

Ushahidi mwingine ni huu: vijidudu vya kuhara damu viitwavyo Shigella havina mikia, wala havijui kuogelea kamwe, na hata hivyo vimeenea ulimwenguni na kuwaua watoto wengi. Basi wenye mikia na wasio na mikia, wote ni abiria. Neno bodaboda lilizaliwa mpakani hapa, kutokana na waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kijidudu nacho kina bodaboda zake: maji ya mvua yateremkayo mlimani, kwato za ng'ombe wanaokunywa chemchemini, mikono isiyonawiwa, mtungi mchafu, na kikombe kinachochovywa ndani ya maji ya kunywa.

Jambo hilo lilipimwa Busia kwenyewe. Kuanzia mwaka 2004 wataalamu walichunguza karibu chemchemi 200 katika Busia na sehemu jirani. Baadhi zilijengewa saruji, ili maji yatoke katika bomba badala ya kutuama mahali wazi; nyingine zilingoja zamu yake, ili zilinganishwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 na Michael Kremer, Jessica Leino, Edward Miguel na Alix Peterson Zwane. Katika chemchemi zilizojengwa, uchafu wa E. coli ulipungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto kulipungua kwa kiasi cha robo. Hiyo ni faida kubwa. Lakini maji yalipopimwa nyumbani, usafi wake haukuwa umeongezeka kwa kadiri ile ya chemchemini. Maji yalitoka bombani yakiwa safi zaidi, yakachafuka tena njiani na nyumbani.

Kwa sababu hiyo baadaye vilijaribiwa katika Busia vyombo vya klorini vilivyosimamishwa karibu na chemchemi. Mchotaji hutia kipimo cha klorini katika mtungi mtupu, kisha huujaza maji, na dawa huchanganyika akiwa njiani kurudi. Klorini hukiua kijidudu kijapokuwa mwogeleaji hodari, tena hubaki majini kwa muda na kuyalinda yasichafuke upya. Kutoka Busia mpango huo ulienea sehemu nyingine za Kenya, na hata Uganda na Malawi.

MAMBO YA KUSHIKA

Mambo yanayowapasa watu wa Busia, Malaba na kwingineko si mageni, ila sasa sababu zake ni wazi.

Kwanza, chemchemi ijengewe, izungushiwe ua, na ichimbiwe mfereji wa kuyapitisha maji ya mvua kando. Ng'ombe wanyweshwe mahali pengine, upande wa chini.

Pili, choo kiwe mbali na chemchemi, na kisiwe upande wake wa juu. Kijidudu hakiwezi kuogelea mita 30, lakini maji yateremkayo yaweza kukichukua.

Tatu, maji ya kunywa yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na yaachwe kwa nusu saa kabla ya kunywewa. Au yachemshwe mpaka yatokote. Uangavu wa maji usimdanganye mtu, kwani maji yaweza kuwa na vijidudu maelfu na bado yakang'aa.

Nne, maji yawekwe katika chombo chenye kifuniko, na yamiminwe au yatolewe kwa bomba. Mkono wala kikombe visichovywe ndani. Mikono inawiwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni, na kabla ya kupika, kula na kumlisha mtoto.

Tano, mtoto akiharisha, apewe upesi maji yaliyochanganywa na dawa ya chumvi na sukari itolewayo kwenye zahanati, na anyonyeshwe kama kawaida. Akilegea, macho yakizama, au akihara damu, apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia.

Mwenyezi Mungu amekipa kijidudu mikia na mota za ajabu, lakini hakukipa miguu ya kupanda kilima mpaka mlangoni. Safari hiyo hukifanyia binadamu mwenyewe, naye ndiye awezaye kuikomesha.